Hodi ya pabu hupigwa kaunta

"Shikamoo kaka. Mimi ni mlezi wa wazee, kwetu Tanga, na sasa nina miezi saba katika kijiji kimoja cha Herefordshire, Uingereza. Mwenzetu kazini anastaafu na tumealikwa chakula cha mchana Jumapili kwenye pabu, ile baa yao ya kijiji. Mimi ni Mwislamu, pombe situmii. Kuna siku mimi na mume wangu tuliingia pabu hiyohiyo tukanywe chai tu. Tulikaa nusu saa nzima, hakuna mhudumu aliyetujia, watu wakawa wanatutazama, tukatoka. Mume wangu akasema hapa si petu. Sasa naona aibu kurudi. Je, asiyekunywa anaruhusiwa? Naweza kwenda na mwanangu wa miaka 11? Nitajuaje chakula kisicho na nguruwe wala pombe? Na wakianza kununuliana vinywaji kwa zamu nifanyeje? Nisipokwenda nitaonekana najitenga."

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonikaa moyoni ni ile nusu saa. Nimefanya kazi katika pabu za vijijini upande huohuo wa Uingereza kwa miaka 14: nilianza kuosha masufuria, nikawa mpishi, na siku hizi nasimama kaunta. Muda wote huo nimeona familia za kwetu zikiingia, zikikaa, zikingoja, kisha zikiondoka kimya kimya. Baadhi niliwahi kuwakimbilia kabla hawajafika mlangoni, wengine sikuwawahi. Kwa hiyo nianzie hapo, kabla ya nguruwe na kabla ya pombe.

Pabu ya kijiji, kwa desturi, haina mhudumu wa kuzungukia meza. Ukiingia unakwenda kaunta, unaagiza, unalipa papo hapo, na unabeba kinywaji chako mwenyewe mpaka unapotaka kukaa. Ukitaka kula unasoma menyu, unaangalia namba ya meza yako, unarudi kaunta kutaja chakula na namba. Baada ya hapo ndipo chakula kinakufuata. Mtu aliyekaa bila kupita kaunta, sisi wa upande wa ndani tunamchukulia kuwa anamsubiri mwenzake, au kajipumzisha tu. Kumwendea ni kumharakisha, na kumharakisha mtu ndani ya pabu ni kukosa adabu. Basi ninyi mlikuwa mnangoja kukaribishwa, naye mhudumu wa kaunta alikuwa anangoja msogee. Kila upande ulikuwa na adabu, ila adabu ya kwao.

Desturi hii haikuzuka hivi hivi. Neno "pabu" limetokana na "public house", yaani "nyumba ya umma", na nyingi zilikuwa nyumba kweli: mtu anapika bia kwake, anafungua chumba cha mbele, majirani wanaingia. Mwaka 1830 Bunge lilipitisha sheria iliyomruhusu karibu kila mlipa kodi ya nyumba auze bia kwake kwa leseni ya gini mbili, fedha ya Kiingereza ya zamani, na nyumba za namna hiyo zikafunguliwa kwa maelfu. Ndiyo maana ukiingia unakuta dari imeinama, meko ukutani, na mara nyingi mwenye pabu na familia yake wanalala ghorofa ya juu. Unakuwa umeingia nyumbani kwa mtu. Na wewe wa Tanga unajua vizuri kuliko mimi kwamba nyumbani kwa mtu huingii ukajikalia kabla ya kupiga hodi. Hodi ya pabu hupigwa kaunta.

Ama kutazamwa, kijiji ambacho watu wote wanajuana kinamtazama kila mgeni, hata Mwingereza aliyetoka kijiji cha pili. Nilimwona mzee mmoja akimkodolea macho fundi wa bomba Mwingereza aliyetoka Leominster, mji wa mkoa huohuo wa Herefordshire.

Lakini sitakwambia ubaguzi haupo. Upo, na nisingekuwa mkweli kama ningeliweka kila jambo kwenye kapu la "desturi". Kipimo changu ni hiki: umesimama kaunta, umeonekana, waliokuja nyuma yako wanahudumiwa, umesema kwa upole kwamba ulitangulia, na bado unapitwa. Au umeambiwa meza zimejaa, kisha wa nyuma yako akapewa. Hapo si desturi tena. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamkataza mtoa huduma kukunyima huduma au kukupa huduma duni kwa sababu ya rangi au dini yako. Andika tarehe, saa na maneno yaliyosemwa ungali unayakumbuka, kisha nenda ofisi iliyo karibu nawe ya Citizens Advice, shirika la kuwashauri raia. Ushauri wao ni wa bure. Kwa ulivyonieleza, ile siku yenu haikufika huko. Ninaamini hakuna aliyejua kwamba mlikuwa mnangoja.

Kaunta nayo ina siri yake. Waingereza, watu wa foleni, hapo hawapangi foleni. Wanajipanga ubavu kwa ubavu, na foleni iko kichwani mwa anayehudumia na vichwani mwao wenyewe: kila mmoja anajua nani alimtangulia. Wewe sogea hadi ubao wa kaunta, mtazame mhudumu machoni, akikuona tikisa kichwa kidogo, basi. Usipige vidole, usipunge noti, usiite "dada!" kama tunavyoita kwetu. Na akikugeukia wewe kabla ya aliyekutangulia, mwambie, "Huyu alikuwa wa kwanza." Neno hilo dogo lina uzito kuliko unavyodhani. Nimeona wageni wakipata marafiki wa miaka kwa kulisema.

Asiyekunywa anaruhusiwa? Bila shaka. Hakuna sheria wala desturi inayokulazimisha kununua pombe, na Jumapili mchana pabu nyingi za vijijini huishi kwa chakula zaidi kuliko kwa bia. Watu watakunywa kahawa, maji, soda. Maji ya bomba ukiyaomba ni bure, na tangu mwaka 2010 hilo ni sharti la leseni. Kinywaji rahisi cha kuagiza ni sharubati ya ndimu iliyozimuliwa kwa maji ya soda, au sharubati ya maua ya elderflower, ambayo ina harufu nzuri sana. Zipo pia soda ya tangawizi na juisi.

Jihadhari na majina manne, hasa kwa kuwa uko Herefordshire, mkoa wa matofaa. "Cider" Uingereza ni pombe ya matofaa, hata kama mahali pengine duniani neno hilo ni juisi tu. Ukitaka juisi sema juisi ya tofaa. "Shandy" ni bia iliyochanganywa na soda, na ni pombe vilevile. "Ginger beer" kwa kawaida ni soda, jamaa wa ile tangawizi yetu ya chupa, lakini kuna chupa zenye pombe zinazobeba jina hilohilo, kwa hiyo uliza. Na wakikuuliza kama watie matone ya "bitters", kiungo kichungu cha kutia ladha, kwenye soda yako, kataa: Angostura, ile inayotumika sana, ina pombe asilimia 44.7. Kuhusu bia zinazoitwa hazina pombe, zipo za asilimia 0.0 na zipo za 0.5, na hukaa rafu moja. Mimi Mwislamu mwenzangu simshauri aanzie huko.

Mwanao wa miaka 11 anakaribishwa. Sheria inachotaka ni kwamba aliye chini ya miaka 16 asiwe peke yake, bila mtu mzima, katika pabu inayoishi kwa kuuza pombe. Mwenye pabu anaweza kuweka masharti yake, mathalani watoto wasionekane upande wa kaunta au waondoke ikifika usiku. Chakula cha mchana Jumapili huwa kimejaa watoto na mabibi, na pabu nyingi hupika sahani nusu kwa ajili yao.

Sasa chakula, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo watu wetu wanapokosea wakidhani wamepatia.

Watu huuliza, "Ndani ya hiki mna nini?" Mhudumu analeta daftari la mizio, anafungua, anasema hakuna shida. Daftari hilo lipo kwa sababu ya sheria: tangu Desemba 2014 kila anayeuza chakula lazima aweze kumwambia mteja kama ndani yake kuna kimojawapo kati ya vitu 14 vinavyojulikana kuwadhuru wenye mzio, kama maziwa, mayai, karanga, samaki, ufuta, haradali, na ngano na jamii yake. Nguruwe hayumo katika orodha hiyo. Pombe haimo. Mhudumu hakudanganyi, amekujibu swali ambalo daftari lake linalijua. Wewe unahitaji jibu la mpishi.

Kosa lingine ni kuiamini herufi "V" kwenye menyu. "V" inasema hakuna nyama. Haisemi hakuna divai. Nimepika mwenyewe uyoga wa "V" kwa divai nyeupe, na pai ya mboga kwa bia nyeusi.

Na kosa la tatu ni ile imani kwamba pombe ikichemshwa inaruka yote. Hairuki yote. Vipimo vilivyofanywa Marekani vilionyesha kuwa chakula kilichochemka dakika 15 baada ya kutiwa pombe kilibakiza kama asilimia 40 ya pombe hiyo, na hata baada ya saa mbili na nusu kulibaki kama asilimia 5. Ni kidogo, lakini ipo, na uamuzi wa kidogo hicho ni wako.

Tuitazame sahani ya Jumapili yenyewe. Nyama ya kuoka, ng'ombe, kondoo, kuku au nguruwe. Viazi vya kuoka. Mboga. Kile kikombe cha mkate kilichofura, "Yorkshire pudding", ambacho ni unga, mayai na maziwa. Juu yake rojo zito la kahawia. Rojo ndilo la kwanza kuliuliza: tulikuwa tukilianza Jumamosi kwa mifupa, na divai nyekundu ikitiwa chunguni kama sisi tunavyotia chumvi, bila kufikiri. Viazi mara nyingi huokwa kwa mafuta ya bata bukini au ya ng'ombe, trei moja kwa wote. Ule mjazo wa vitunguu na majani ya seji huwa na soseji ya nguruwe ndani hata unapoletwa pembeni ya kuku. Na kisu kinachokata nguruwe ndicho kinachokata kuku, kwenye ubao uleule, saa saba mchana wakati jiko linawaka moto kotekote.

Samaki na chipsi, ambayo wengi wetu tunaikimbilia tukidhani ndiyo salama, ina mitego miwili. Ule uji wa unga anaochovywa samaki mara nyingi umekorogwa kwa bia, kwa sababu mapovu ya bia ndiyo yanayofanya ganda liwe jepesi na la kukatika. Na karai la mafuta ni la wote. Humo hukaangwa pia "Scotch egg", yai lililovikwa nyama ya soseji ya nguruwe. Pai ya "steak and ale" inajitaja yenyewe, maana "ale" ni bia. Soseji ukiona haikutajwa mnyama, ni nguruwe. Vile vikaango vya pakiti juu ya kaunta vinavyoitwa "scratchings" ni ngozi ya nguruwe, mwanao asije akadhani ni krispi.

Nyama yenyewe, kwa kawaida, haikuchinjwa kwa Bismillahi. Pabu za vijijini hununua kwa mchinjaji wa mji wa karibu, na si ajabu asiwe na halali. Wapo wanazuoni wenye kauli kuhusu nyama ya Watu wa Kitabu, na wapo wasioikubali hapa. Mimi ni mpishi, siingii humo.

Kinachobaki ni kizuri kuliko unavyohofia. Samaki wa kuoka au kukaanga kwa siagi katika kikaango chake mwenyewe, pasipo uji wa unga. Kiazi kizima cha kuoka chenye maharage au jibini, ambacho mara nyingi hupatikana hata kama menyu ya Jumapili haikukiandika. Sahani ya "ploughman's", jibini, mkate na achari, ukisema wasiweke paja la nguruwe na ukiuliza kama achari haina bia au cider. Baada ya hapo agiza ile keki ya moto inayoitwa "sticky toffee pudding". Msingi wake ni tende, dada yangu, na ukiila siku ya baridi utaikumbuka futari ya nyumbani. Uliza tu kama mchuzi wake wa sukari hautiwi pombe. "Trifle" iache, kwa kawaida ina divai ya sherry, na vitindamlo vinavyotetemeka uliza kuhusu jelatini, kwa maana nyingi hutokana na nguruwe.

Swali hili usiliulize Jumapili saa saba. Piga simu Alhamisi au Ijumaa, kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri, jiko linapokuwa limepoa, uombe kuzungumza na mpishi. Mwambie: sili nyama wala mafuta ya mnyama wala jelatini, situmii pombe hata ya kupikia, ikiwemo bia kwenye unga wa samaki na divai kwenye rojo, je, unaweza kunipikia samaki kwenye kikaango cha peke yake? Mpishi aliyeambiwa mapema anafurahi kupika. Aliyeambiwa katikati ya sahani sitini atasema ndiyo ili uondoke mbele yake, na hilo nalisema kwa kuwa nimekuwa huyo mpishi. Usiseme una mzio kama huna. Jiko zima husimama kwa neno hilo, vyombo hubadilishwa, na likitumiwa ovyo wapishi huacha kuliamini kwa mtoto ambaye karanga moja inaweza kumuua.

Kununuliana kwa zamu ni raundi ileile unayoijua kutoka kwetu: mmoja anawanunulia wote, kisha mwingine, mpaka zamu iishe. Ina nguvu kiasi kwamba wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1915, serikali ilipiga marufuku, katika maeneo mengi, kumnunulia mwenzako kinywaji cha pombe, ili wafanyakazi wa viwanda vya silaha wasilewe. Ubaya wake kwako ni kwamba ukinunuliwa soda mbili ukae kimya, watasema umekwepa, na ukiingia zamu utakuwa unawanunulia wengine pombe, jambo ambalo dini yetu inalikataza pia. Njia ya kutokea ni kusema mapema. Kabla ya kinywaji cha kwanza, sema kwa tabasamu, "Mimi leo najinunulia mwenyewe." Hakuna atakayekuuliza tena. Ukitaka kuonyesha mkono wako, lipia keki ya anayestaafu, au changia zawadi yake. Na mara nyingi mwenye kunywa soda ndiye anayeendesha gari wakati wa kurudi. Kijijini ambako Jumapili basi hakuna, huyo anapendwa.

Bakshishi usiihangaikie. Kwa vinywaji vya kaunta haitegemewi. Kwa chakula, tazama kwanza kama bili haijaongezwa malipo ya huduma, na kama haijaongezwa na umehudumiwa vizuri, asilimia 10 inatosha.

Limebaki lile zito. Kuna hadithi mashuhuri inayomkataza muumini kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Wapo wanaoichukulia kwa upana wake wote, hawaingii pabu kabisa. Wapo wanaotenganisha meza yenye pombe na nyumba inamouzwa. Hilo mpeleke shekhe unayemwamini, hata kwa simu Tanga, umweleze hali halisi: chakula cha mchana, wenzako wa kazi, mezani kwenu wengine watakunywa. Akikwambia usiende, usiende kwa siri wala kwa hofu. Mwambie anayestaafu mwenyewe, uso kwa uso, kwamba imani yako haikuruhusu kukaa penye pombe na ungependa kumwalika chai na vitumbua kwako wiki hiyo. Mimi nimeona mwaliko wa namna hiyo ukipokewa kwa machozi. Kuna njia ya kati pia: fika mwishoni, wakati wa keki na kahawa, au omba meza ya bustanini kama hali ya hewa inaruhusu.

Na kama kazini mtu akianza kukuhesabia kutokwenda kwako, vikao vikafanyiwa pabu kila mara, au zamu nzuri zikawaendea wanaokunywa pamoja, hilo halihusu tena pabu. Sheria ileile ya 2010 inakulinda kazini. ACAS, taasisi ya ushauri na usuluhishi wa mambo ya kazi, wanatoa ushauri wa bure kwa simu. Wapigie kabla hujaandika barua yoyote kwa mwajiri.

Kabla ya Jumapili hiyo, rudini ninyi wawili Jumamosi saa sita mchana, pabu inapofunguliwa na haijajaa. Mume wako aende kaunta, wewe ushike meza ya karibu na meko. Aseme chai mbili na juisi ya tofaa ya mtoto, alipe, arudi na namba. Maziwa watayaleta pembeni kwenye kijagi, hayatakuwa yamechemshwa pamoja na majani kama ya kwetu, na sukari itakuja kwa vipakiti. Aombe vingi.